Mligawe darasa kama mlivyoigawa parokia: barua ya wazi kwa wasimamizi wa vyuo vya Kanisa

Wahashamu Baba Maaskofu, Waheshimiwa Makamu Wakuu wa Vyuo, Wakuu wa Vyuo Vikuu Vishiriki, na ninyi mapadre, watawa na walei mnaoketi katika mabaraza ya vyuo vyetu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni mhadhiri wa fasihi katika chuo kimoja cha Kanisa hapa Tanzania, chuo kidogo cha mkoani. Jina lake silitaji, kwa kuwa jambo ninaloliandikia limeenea, na wenzangu wa vyuo vingine tukikutana kwenye makongamano tunasimuliana habari ile ile. Ombi langu ni moja, nalitanguliza ili msihangaike kulitafuta: kila mwanafunzi anayeingia mwaka wa kwanza katika chuo cha Kanisa, awe amekuja kusoma sheria, ualimu, uhasibu au famasia, awekwe katika kikundi cha watu wasiozidi 15 chenye mhadhiri mmoja anayemjua kwa jina, na kwa mwaka mzima wasome pamoja vitabu vizima, wavijadili kwa mdomo na kuviandikia. Mengine yote humu ni sababu za ombi hilo.

Njooni siku moja bila taarifa, mkae viti vya nyuma katika ukumbi mkubwa saa nane mchana, wakati wa mojawapo ya kozi za lazima kwa wote: Stadi za Mawasiliano, Mitazamo ya Maendeleo, Utangulizi wa Falsafa, Maadili. Hizo mbili za mwisho ndizo tunazozitaja kwenye vipeperushi tukitaka kuonyesha kwamba chuo chetu ni cha Kikatoliki. Mtakuta wanafunzi wapatao mia nne. Mbele yuko mhadhiri mwenye kipaza sauti kinachokatika, na projekta ambayo kuanzia safu ya kumi maandishi yake hayasomeki. Wa mbele wanaandika. Wa katikati wanapiga picha slaidi. Wa nyuma wako kwenye simu, na siwalaumu, maana hawasikii kitu. Kipindi kinakwisha bila mwanafunzi hata mmoja kufungua kinywa, ila yule anayeuliza kama hilo litatoka kwenye mtihani. Wakitoka hapo wanakwenda stationari kutoa kopi ya desa, yaani muhtasari wa kukariri, na desa lenyewe mara nyingi ni lile lile walilosomea kaka zao, limefifia kwa kutolewa kopi juu ya kopi. Wanadesa, wanaingia UE, mtihani wa mwisho wa muhula, anayefaulu anafaulu, anayeshindwa anarudi kwenye sapu, mtihani wa marudio, na baada ya mwezi hakuna anayekumbuka Sokrate alishitakiwa kwa kosa gani.

Insha ni kilio kingine. Mhadhiri mwenye insha mia nne mezani hawezi kuzisoma, hata awe mtakatifu. Ataweka maswali ya kuchagua herufi, au atazipitisha macho juu juu. Insha ikirudi, kama inarudi, ina namba juu yake na mstari mwekundu mmoja. Kijana anaweza kuhitimu, akavaa joho, akapigiwa vigelegele na ukoo mzima uliosafiri usiku kucha kwa basi, bila kuwahi kuambiwa na mtu yeyote: aya yako ya pili inapingana na ya kwanza, kaiandike upya. Miaka mitatu ya ada, na hakuna aliyewahi kuyasoma mawazo yake kwa makini. Jambo hili linaniuma kuliko paa linalovuja au mtandao unaokatika, kwa sababu paa na mtandao hata vyuo vikubwa vinahangaika navyo. Kumsoma mwanafunzi mmoja mmoja ndiko sisi wadogo tungeweza.

Jioni hiyo hiyo piteni kwenye vimbweta, yale mabenchi ya nje wanakojisomea. Wale wale waliokaa kimya mchana mtawakuta wanabishana mpaka taa zizimwe: Katiba, mahari, kwa nini Mungu aliacha mwenzao afe kwa ajali ya bodaboda, kama mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuishi kwa mshahara wake bila kufungua duka. Niliwahi kusimama kando nikamsikiliza binti wa ualimu akimbana kijana wa sheria juu ya adhabu ya kifo, hoja kwa hoja, mpaka kijana akaomba poo. Binti yule darasani kwangu alikuwa hajatamka neno tangu muhula uanze. Akili ipo, hamu ipo. Kinachokosekana ni mahali ambapo chuo kinaipokea hiyo hamu, kikaipa kitabu cha kuinoa na mtu mzima wa kuiuliza maswali magumu.

Ninyi, Baba Maaskofu, mnalijua tatizo hili kuliko mtu yeyote, maana mlishalitatua. Katika miaka ya 1970 maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, waliitazama parokia kubwa ya nchi zetu, yenye maelfu ya waamini na padre mmoja, wakaona kwamba mtu anaweza kubatizwa, kuoa na kuzikwa humo bila kufahamika. Mwaka 1976 wakazifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji katika ukanda mzima. Leo mama wa Mbagala au wa Makete anajulikana kwa jina katika jumuiya yake. Akiugua wanakuja. Asipoonekana wanauliza. Na Injili ikisomwa, kila mmoja anaombwa aseme ni neno gani limemgusa, hata yule anayesoma kwa kudokoa herufi; na mara nyingi huyo ndiye anayesema lililo zito. Darasa la mia nne ni parokia ile ya zamani. Kijana aliyelelewa katika jumuiya, aliyezoea kuulizwa anafikiri nini, anafika katika chuo cha Kanisa lile lile na kugeuzwa kuwa namba ya usajili.

Najua TMCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki, wanafanya kazi kubwa, na kwaya, na vikundi vya sala vya hosteli. Bila wao wengi wangekuwa wamekata tamaa mwaka wa kwanza. Lakini hayo ni ya baada ya vipindi. Masomo yenyewe yamebaki bila jumuiya. Na Waislamu, Walutheri, Wamoraviani na wengine wanaosoma kwetu hawana hata hiyo TMCS. Hati ya Ex corde Ecclesiae aliyoitoa Papa Yohane Paulo II tarehe 15 Agosti 1990, tunayoinukuu kila mahafali, inataka chuo kikuu cha Kikatoliki kiwe jumuiya ya watu wanaoheshimiana na kuzungumza kwa uwazi. Katika ukumbi wa mia nne mazungumzo hayo yanafanyika saa ngapi?

Kuna mfano ambao Afrika Mashariki tuna haki ya kuuita wetu, ingawa ulitokea mbali. Septemba 1960 msichana wa Ihithe, Nyeri, aliyemaliza sekondari ya Loreto Limuru mwaka uliotangulia, alipanda ndege kwenda Marekani pamoja na mamia ya vijana wenzake wa Kenya katika ule mpango aliouasisi Tom Mboya. Jina lake Wangari, baadaye Wangari Maathai. Hakupelekwa Harvard. Alipelekwa Atchison, mji mdogo wa jimbo la Kansas kando ya mto Missouri, katika chuo cha wasichana cha Mount St. Scholastica kilichoendeshwa na masista Wabenediktini. Njiani, safari ya basi, yeye na mwenzake walikataliwa kuketi katika mgahawa kwa sababu ya rangi yao. Marekani ile haikuwa pepo. Ila masista walimpokea, na maisha yake yote aliendelea kuwataja kwa upendo.

Alihitimu mwaka 1964 na shahada ya sayansi katika biolojia. Pembeni alisoma kemia, na alisoma Kijerumani. Nawaomba msimame hapo kidogo. Mhasibu wa chuo leo angeuliza: Kijerumani cha nini kwa mtu wa biolojia? Kinalipa? Kina soko? Mwaka 1967 mtu huyo wa biolojia alikuwa Ujerumani, Giessen na kisha Munich, akifanya utafiti wa uzamivu wake. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Nairobi kikamtunuku shahada hiyo, mwanamke wa kwanza kuipata Afrika Mashariki na Kati. Mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Sisemi masista wa Atchison ndio waliopanda miti ya Kenya. Nasema chuo kidogo, kisichojulikana, kilimfundisha mwanasayansi lugha ambayo hakuna aliyejua ataihitaji, na kilikuwa na nafasi ya kufanya hivyo kwa sababu hakikumpima kwa kazi atakayoomba. Chuo hicho kiliungana na jirani yake wa wanaume mwaka 1971, kikawa Benedictine College, na bado kipo.

Wabenediktini tunao hapa hapa: Peramiho, Ndanda, Hanga. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, wanayoiishi kwa karne nyingi, inagawa siku kati ya kazi za mikono na kusoma. Sura ya 48 inaagiza kwamba Kwaresima ikianza kila mtawa apewe kitabu, akisome chote, kwa mfululizo, kuanzia mwanzo. Inataka hata mzee mmoja au wawili wazunguke kuangalia kama kuna ndugu aliyeacha kusoma akakaa kupiga soga. Kitabu kimoja, mtu mmoja, mwanzo hadi mwisho, tena kwa wakulima na maseremala wa karne ya 6. Sisi tuna wahitimu wa shahada ya kwanza ambao hawajawahi kumaliza kitabu, na hawakufanya hila yoyote. Hakuna kozi iliyowadai wakimalize.

Kuhusu fedha, najua mnachopambana nacho. Vyuo vya umma vina ruzuku; kwetu ada ya mwanafunzi ndiyo mshahara, ndiyo umeme, ndiyo deni la bweni jipya. Bodi ya Mikopo ina vipaumbele vyake, na kijana asiye na uwezo huchagua programu yenye matumaini ya mkopo. Kwa hiyo mwaka ambao usajili umeshuka, macho ya baraza huenda kwenye programu ndogo: falsafa, fasihi, historia, muziki. Zinafutwa au zinaachwa zife kimya kimya, na ukumbi mkubwa unajazwa zaidi. Naelewa hesabu hiyo, lakini siikubali.

Mtaniambia pia kwamba vyuo vidogo vya Kikatoliki huko Marekani vinakufa, na ni kweli. Holy Names ya Oakland, iliyoanza mwaka 1868, ilifungwa 2023. College of Saint Rose ya Albany, iliyoanzishwa na masista wa Mtakatifu Yosefu mwaka 1920, ilifungwa 2024. Wanafunzi walipungua, madeni yakapanda. Lakini itazameni hiyo Saint Rose kwa makini. Desemba 2020, ikiwa imebanwa na fedha, ilitangaza kufuta programu 25 za masomo, za muziki na sanaa zikiwemo, ili ijiokoe. Haikuokoka. Chuo kidogo kikiondoa kile kilichokifanya kiwe tofauti, kinabaki chuo kidogo kinachofundisha yale yale ya chuo kikubwa, kwa majengo machache zaidi na kwa ada kubwa zaidi. Mzazi mwenye akili atampeleka mwanawe huko kwa nini?

Hapa kwetu ushindani unaongezeka kila mwaka. Dar es Salaam, Dodoma, Mzumbe, Sokoine: hatutawashinda kwa maabara wala kwa idadi ya maprofesa. Vyuo vya Kanisa vilianza kwa kitu kingine. Nyegezi ilianza mwaka 1960, enzi za Askofu Joseph Blomjous, kama taasisi ya mafunzo ya jamii, na ndiyo iliyozaa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino mwaka 1998. Wenzetu wa Uganda mwaka 1993 walifungua Uganda Martyrs kule Nkozi, kijijini, mbali na Kampala, na wakaweka maadili na masomo ya maendeleo katikati ya chuo. Vyuo hivyo vilipoanza havikudai kuwa vikubwa. Vilidai kuwa vya namna yake.

Sasa niseme ninachotaka kifanyike, maana malalamiko bila hesabu ni kelele.

Chukueni chuo kinachopokea wanafunzi 300 wa mwaka wa kwanza. Vikundi vya watu 15 vinakuwa 20. Wanatakiwa wahadhiri 20, kila mmoja kikundi kimoja, saa mbili kwa wiki. Wasiwe wa fasihi na falsafa peke yao. Mwalimu wa uhasibu achukue kikundi, mwalimu wa sheria achukue, padre mlezi achukue, na Mkuu wa Chuo mwenyewe achukue kimoja, ili akikaa kwenye Seneti azungumzie wanafunzi anaowajua. Kozi mbili za ukumbini ziondolewe, Stadi za Mawasiliano na Utangulizi wa Falsafa, kwa kuwa kikundi hiki kitafundisha zote mbili vizuri zaidi: stadi za mawasiliano hupatikana kwa kuwasiliana, na falsafa huanza pale mtu anapoulizwa "una uhakika gani?" akalazimika kujibu. Kila mtaala una wakati wake wa kupitiwa na kupelekwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Badiliko hili liingizwe hapo, lisingoje mfadhili.

Vitabu sita kwa mwaka vinatosha. Vikundi visianze na kitabu kimoja. Vianze tofauti na kubadilishana, ili kwa wakati mmoja kitabu kisishikwe na vikundi zaidi ya vinne. Hapo chuo kitahitaji nakala 60 za kila kitabu, jumla 360, na nakala hizo zitazunguka kwa miaka mingi zikijaladiwa vizuri. Ni fedha ndogo kuliko bei ya gari moja la ofisi.

Juu ya vitabu gani, tutabishana, na ni vizuri tubishane. Thomas Aquinas College ya California, iliyoanzishwa mwaka 1971, imekwenda mbali kuliko ninavyopendekeza: hakuna mihadhara, hakuna vitabu vya kiada, hakuna kozi za hiari, wanafunzi wote wanasoma maandiko makuu yale yale wakiyajadili kuzunguka meza. Nawaheshimu kwa uthabiti wao. Orodha yao siitaki, kwa sababu karibu yote ni orodha ya Magharibi, na mtoto wa Namtumbo anapaswa kujiona yeye na mababu zake ndani ya maswali makubwa. Orodha yangu ingeanza na Kitabu cha Ayubu, kwa sababu wanafunzi wetu wamezika ndugu zao wangali wadogo na swali la Ayubu tayari ni lao. Ningeweka Agostino, mwana wa Afrika wa Thagaste, mwalimu aliyechoshwa na wanafunzi wenye fujo kabla hajawa mtakatifu. Ningeweka Azimio la Arusha la 1967, lisomwe sentensi kwa sentensi, wanaolipenda na wanaolichukia wakionyeshana maneno yenyewe badala ya kusimuliana. Ningeweka Shaaban Robert. Nafasi mbili zilizobaki ziamuliwe na chuo chenyewe, na moja ya hizo iamuliwe pamoja na wanafunzi.

Halafu lugha. Vyuo vyetu vinafundisha kwa Kiingereza, na mitihani itaendelea kuwa ya Kiingereza. Sipingani na hilo katika barua hii. Lakini katika kikundi cha watu 15 mwanafunzi aruhusiwe kuwaza kwa Kiswahili. Sehemu kubwa ya ule ukimya wa mchana ni hofu ya kuchekwa kwa kukosea kitenzi. Kijana anajua anachotaka kusema, anakipima kwa Kiingereza chake, anakiona kitatoka kimevunjika, anakimeza. Akimeza mara nyingi za kutosha anaacha kuwaza. Asome kwa Kiingereza inapobidi, aandike insha moja kwa Kiingereza na ya pili kwa Kiswahili, na katika kujadili atumie lugha itakayomfikisha mwisho wa hoja yake. Mwalimu Nyerere alifundisha katika shule zetu za Kanisa, Tabora na Pugu, na baadaye akiwa Ikulu alipata muda wa kumleta Shakespeare kwenye Kiswahili. Hakuona kwamba fikra nzito inakataa lugha hii.

Kuna sababu moja mpya ambayo miaka kumi iliyopita nisingeiandika. Asainimenti za nyumbani sasa zinaandikwa na ChatGPT. Naletewa insha laini kama sabuni, zisizo na kosa wala wazo, kumi zinazofanana. Vyuo vinatafuta programu za kuwakamata, na wanafunzi wanatafuta programu za kuzikwepa, na mbio hizo hazina mshindi. Katika kikundi cha watu 15 mbio hazipo. Mwanafunzi anasoma insha yake kwa sauti, mwenzake anamuuliza alimaanisha nini katika mstari wa tatu, naye anajibu au hana jibu.

Siwezi kufunga barua ya masomo bila kutaja tumbo. Bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, likichelewa, vijana wetu wanapiga pasi ndefu: chai asubuhi, halafu kimya mpaka usiku, na wengine usiku ni maji. Wasichana wa mageto ya nje ya chuo wanakutana na "msaada" ambao sote tunajua bei yake. Halafu wiki ya UE inafika na mwanafunzi ananyimwa kitambulisho cha mtihani kwa ada ambayo haiko mikononi mwake, bali iko kwenye mfumo unaosubiri sahihi ya mtu. Nimewaona wakisimama nje ya mlango wa chumba cha mtihani wakiwasikia wenzao wakifunua karatasi. Chuo cha serikali kikifanya hivyo tunasema ni urasimu. Chuo chenye msalaba getini kisifanye. Mwanafunzi ambaye mkopo wake umethibitishwa na umechelewa tu, afanye mtihani, matokeo yasubiri. Na mhadhiri mwenye kikundi cha watu 15 ataona mapema nani amekonda, nani ameacha kuja, nani anasinzia saa nne asubuhi. Leo hakuna mwenye kazi ya kuona hayo. Mlezi wa wanafunzi ni mmoja, nao ni maelfu.

Sura ya 3 ya Kanuni ile ile ya Benedikto inasema kwamba pakiwa na jambo kubwa, abati awaite ndugu wote washauriane, kwa kuwa mara nyingi Mungu humfunulia mdogo lililo jema zaidi. Vyuo vyetu huita serikali ya wanafunzi pale tu moto ukishawaka: maji yamekatika, ada imepanda, wamegoma kula. Nawasihi, kabla hamjalikataa au kulikubali pendekezo hili, waiteni wanafunzi wa mwaka wa pili, wasiwe viongozi wao tu, muwaulize mwaka wao wa kwanza walisoma kitabu gani hadi mwisho na ni mhadhiri gani aliyewajua kwa jina. Waulizeni bila wahadhiri kuwapo, mimi nikiwa mmoja wa watakaotoka nje.

Wako wahadhiri watakaosema wamechoka, na ni kweli wamechoka. Wapo wanaofundisha vyuo viwili ili walipe kodi ya nyumba. Saa mbili hizi zihesabiwe katika mzigo wao wa kazi kama kipindi kamili, zisiwe sadaka. Anayechukua kikundi na kusoma insha 15 kwa kalamu mkononi apewe heshima ile ile ya anayechapisha makala kwenye jarida, na kwenye kupandishwa cheo ihesabike. Hapo ndipo nitaamini kwamba baraza limekusudia.

Naomba jambo hili liwekwe kwenye ajenda ya Idara ya Elimu ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, na kwamba angalau vyuo viwili vilifanyie majaribio na wanafunzi watakaoingia mwaka ujao wa masomo. Chuo changu kikikubali, nitachukua vikundi viwili, na tayari wapo wenzangu wanne, mmoja wa hisabati, walionipa majina yao. Chumba tunacho: nyuma ya maktaba kuna stoo ya viti vibovu yenye madirisha mawili. Tunachohitaji kutoka kwenu ni kibali, meza moja ndefu, na hizo nakala za vitabu.

Kwa heshima na utii wa kimwana,

Mhadhiri wa fasihi
Chuo cha Kanisa, Tanzania